Chembe Zenye Njaa

Mkemia alizaliwa wapi na ni binti wa nani, sijui. Morogoro ni mji wa watu waliokuja na treni, na malori, na miguu yao wenyewe, wakifuata mkonge, miwa na viwanda. Ukianza kumuuliza kila mtu ukoo wake, jua litazama hujauza kitu. Ninachojua ni kwamba nilipomfahamu alikuwa tayari anaitwa Mkemia, na aliyemwita jina jingine alikuwa mgeni, au alikuwa amekuja kudai kodi.

Kazi yangu mimi ilikuwa mapipa matupu. Hiyo ilikuwa enzi ya ruksa, mipaka imelegezwa, bidhaa zinaingia kutoka kila upande, na nyingi ziliingia ndani ya mapipa: mafuta ya kula, rangi, gundi, na zaidi ya yote sumu za kuulia wadudu wa nyanya na kabichi, maana wakulima wa Mgeta walikuwa wakilisha Dar es Salaam nzima na wadudu walikuwa wakitaka fungu lao. Pipa likiisha kilichomo, mwenye nalo anaona takataka. Mtu mwingine, aliyejenga nyumba ya bati na anangoja mvua, anaona tangi. Biashara yangu ilikuwa kusimama katikati ya hao wawili. Na katika kusimama huko nilijifunza kuhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kujua viko vingapi, mara ya pili kujua nani ananidanganya, mimi mwenyewe nikiwemo.

Tulikutana Kihonda, kwenye kiwanda kimoja kilichofungwa, mitambo yake ikawa inauzwa kama vyuma chakavu. Nilikuwa nimepatana kuchukua matangi mawili yaliyokuwa yakisafisha maji ya boila. Kuyafungua, nikakuta yamejaa kitu kama mayai ya samaki: chembe ndogo za mviringo, tangi moja za kahawia, tangi la pili nyeupe ya kufifia kama mtama ulioloweshwa. Nikainamisha la kwanza nimwage.

"Hizo unazipeleka wapi?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Nikageuka. Mama wa makamo, mwembamba, koti refu la maabara ambalo zamani lilikuwa jeupe, na kopo la ugoro mkononi.

"Shikamoo mama. Nazimwaga. Mimi nataka chuma."

"Marahaba. Chuma chukua. Uchafu niachie."

Mfanyabiashara akisikia mtu anaomba uchafu kwa upole wa namna ile, masikio yanamsimama. Nikamwambia uchafu huo una bei. Akasema nitaje. Nikataja. Hakushangaa, hakucheka, hakuondoka. Alivuta ugoro, akapiga chafya, akautazama mkokoteni wangu uliokuwa nje.

"Yale mapipa umeyatoa wapi?"

"Kwa muuza dawa za mimea."

"Na utamuuzia nani?"

"Watu wa maji ya mvua."

"Basi tupatane hivi, tajiri. Wewe nipe uchafu wangu, na mimi nisipite sokoni kuwaeleza watu wa maji ya mvua kilichokuwamo humo."

Nimebishana bei na watu wa kila namna wanaoshuka stendi ya Msamvu, na wengine walikuwa wagumu kama kwato. Sijapata kushindwa haraka vile, tena baada ya kuamkiana vizuri. Chembe zote nilimbebea mwenyewe mpaka kwake Bigwa, bure, na jina la "tajiri" nikabaki nalo. Aliniita hivyo hata siku nilizovaa ndala za rangi mbili.

Alikuwa amesoma. Serikali ilimpeleka nchi za baridi kusomea kemia, akarudi na cheti, koti na chuki ya kabichi ya kuchemsha. Kiwandani pale alikuwa mkuu wa maabara mpaka siku walipofunga geti. Wenzake waliofungiwa geti pamoja naye walifungua vibanda vya mitumba au vinywaji. Yeye aliingia uani kwake, chini kabisa ya mlima, akapanga mabeseni.

Asubuhi baada ya kumpelekea chembe alikuja kwangu na nyundo na msumari mnene. Alitaka kuyatoboa mapipa yangu yote.

"Pipa lililobeba sumu, maisha yake yanaishia hapa," akasema. "Linatobolewa, mtu asiweke maji tena. Huko nilikosoma ndivyo wanavyofanya."

"Huko ulikosoma wana mabomba, mama. Ukiyatoboa ya kwangu watakwenda kununua kwa yule jirani yangu. Yeye anayaosha kwa sabuni ya unga na ndimu."

"Na watu wanaridhika?"

"Wananusa. Likinukia ndimu wanalipa."

Akakaa juu ya pipa mojawapo. Nyundo aliirudisha mfukoni. Msumari hakuurudisha, alikuwa akiuzungusha vidoleni kila alipofikiri, na aliendelea kuuzungusha miaka yote niliyomfahamu. Mwisho akasema, "Pua si maabara, tajiri. Sumu nyingine hainuki kabisa na inaua." Alisema hivyo pua yake imejaa ugoro mpaka pembeni, lakini sikuwa na ujasiri wa kumkumbusha.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kufanya kazi pamoja. Mapipa ya plastiki aliyakataa tangu siku ya kwanza, hayo ni ya kutoboa tu. Ya chuma aliyapokea, akayachunguza kwa tochi, yenye kutu na mikunjo akayapiga msumari palepale bila kuniomba ruhusa, na yaliyobaki akayatengeneza. Nilimuuliza kwa nini anaikataa plastiki ilhali chembe zake nazo, kwa maelezo yake mwenyewe, ni plastiki.

Swali lilimfurahisha. Akachota chembe nyeupe akaniwekea kiganjani.

"Unaziona ngumu, siyo? Ndani zina vitundu. Vitundu juu ya vitundu, vidogo mno, jicho halivioni. Ukiweza kuifungua chembe moja ukaitandaza kama khanga, itafunika kitanda cha mdoli, na hapo ni chembe moja. Sasa chukua gunia. Sumu ikiingia humo haina pa kukimbilia, kila inakogeuka ni ukuta. Na kwenye kila ukuta wa chembe hizi nyeupe nimeweka meno."

"Meno gani?"

"Ya kostiki. Ile wanayopikia sabuni. Plastiki ya pipa inainywa sumu halafu inaitapika kidogokidogo, leo tone, kesho tone, miezi. Plastiki yangu inainywa na kuitafuna. Kinachotoka si sumu ile tena, ni vipande, na vipande navisuuza."

Ndivyo alivyoongea. Kwake chembe zilikuwa na njaa au zimeshiba. Zikishatumika sana meno huisha, zinashiba, na hapo hazifai mpaka zilishwe upya. Nyeupe chakula chake kostiki. Zile za kahawia, zilizotoka kwenye tangi la kwanza, hazikuwa na kazi na sumu. Alizitumia kulainisha maji ya kufulia, maana ya kisima chake yalikuwa magumu yanakataa povu, na hizo chakula chake kilikuwa chumvi ya kawaida ya jikoni. Mabeseni mawili, mabakuli mawili. Kiwandani ilikuwa hivyo hivyo, na kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kulisha kahawia chumvi, kabla hata ya chai.

Neno "dawa" alilichukia. Mkulima akisema anakwenda kupiga dawa nyanya, Mkemia anasimama njiani.

"Dawa ya nani?"

"Ya nyanya, mama."

"Nyanya inaumwa?"

"Hapana, wadudu."

"Basi muulize mdudu kama ni dawa."

Nyanya zenyewe alizipenda kuliko nyama. Alizinunua kwa wakulima walewale, akaziosha mara ngapi sijui, akazila na chumvi amekaa kizingitini, macho yamefumba. Nikamwambia mama, unayajua yote haya na bado unazila. Akajibu kwamba kwa sababu anayajua ndiyo maana anaziosha, na kwamba mimi nisiyejua ndiye niliyepaswa kuogopa. Siku nyingine alikuja mwenye kilabu cha pombe, mtu mnene mwenye heshima zake, akiomba chembe za kutumbukiza kwenye gongo ziondoe ile inayoumiza kichwa asubuhi. Mkemia alimsikiliza kwa makini kama daktari. Kisha akamwambia chembe hazina meno ya pombe, lakini ndoo tupu inaweza kumsaidia, akiimimina gongo yote nje halafu akaichukua ndoo nyumbani.

Lakini kitu kilichompa jina mpaka Mgeta juu ni samaki.

Pipa likishakaa na chembe, likasuuzwa, alijaza maji akatumbukiza perege wadogo aliowaagiza bwawa la Mindu. Wakilala salama mpaka kesho, wanacheza, wanakula pumba, anachukua chaki na kuchora samaki ubavuni mwa pipa: mstari wa tumbo, mkia, jicho moja. Akigeuka mmoja tu tumbo juu, pipa linarudi kwa chembe, na likishindwa tena ni msumari. Rafiki yake mhadhiri wa kampasi ya Mazimbu alikuwa akimchukulia maji ya mapipa hayo kuyapima kwa mashine, na mashine haikupata kubishana na samaki. Mkemia alifurahi, akaendelea na samaki. "Mashine iko Mazimbu," alisema, "na mnunuzi yuko mlangoni anataka kuona kitu kinachopumua."

Chaki ile ilikuwa na nguvu kuliko muhuri wa ofisi. Nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake sokoni, "Usichukue hilo, halina samaki," na yule akaliacha pipa zuri jipya linanukia ndimu. Jirani yangu akaanza naye kuchora samaki. Samaki wake walikuwa na mapezi mengi na tabasamu. Watu wa Mgeta walikuwa wakipita pale kuwatazama, wanacheka, wanakuja kwetu.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo bila hilo nisingeandika haya.

Kule Mgeta, kwenye kijiji kimoja cha misheni, kulikuwa na zahanati ya kujifungulia. Sista aliyeisimamia alikuwa Mluguru wa hukohuko, mnene, mcheshi, anayepanda milima ile huku anaongea wakati mimi natafuta pumzi. Chemchemi yao ilikuwa bondeni. Mama akija kujifungua, ndugu zake ndio wanaoshuka na ndoo na kuipandisha kichwani kwenye njia inayoteleza kama sahani yenye mafuta. Sista akachoka kuwaona wakianguka. Paa la zahanati lilikuwa la bati, masika yalikuwa mlangoni. Akashuka mjini kuagiza mapipa yenye samaki.

Wakapatana vizuri mno, hilo ndilo lililoleta balaa. Walikuwa wamesoma shule za masista wote wawili, na asubuhi ile Mkemia aliyekuwa hana maneno ya kupoteza alikaa akicheka habari za uji wa bweni huku anaziandalia chembe chakula. Mkono ukachota, ukamwaga, ukakoroga. Chembe zikaingia mapipani.

Mapipa yalipokuwa yamesuuzwa, kabla ya samaki, dereva wa lori la mboga akaanza kupiga honi. Lori lilikuwa linarudi Mgeta tupu, na mawingu yalikuwa yameshafunika Uluguru kuanzia kiunoni.

"Mama, mimi naondoka," dereva akasema. "Mvua ikishika kule Mlali hamnioni mpaka wiki ijayo."

Sista akamtazama Mkemia. Mkemia akatazama mlima. Akauzungusha msumari vidoleni.

"Chembe zangu hazijapata kuniangusha," akasema.

Akatoa chaki. Nilimwona akichora pipa hadi pipa, mkono wake umetulia kabisa, samaki mzuri kila ubavu. Tukapakia. Moja halikuenea garini, likabaki uani.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kulichukua lile lililobaki. Nikamkuta amesimama karibu nalo. Alikuwa amelijaza maji jioni ile na kutia perege, kwa mazoea tu, na perege walikuwa wanaelea, matumbo meupe, wote. Nilihesabu mara moja. Sikuona haja ya kurudia.

Alikwenda kwenye mabeseni, akayatazama mabakuli. La chumvi lilikuwa tupu. La kostiki lilikuwa limejaa kama alivyolijaza.

"Nimezilisha chumvi," akasema.

"Nani?"

"Mimi. Mkono huu. Miaka yote ile kiwandani asubuhi inaanza na chumvi, na jana nilikuwa nacheka, mkono ukaenda ulikozoea." Akaunyoosha akautazama kama wa mtu mwingine. "Nyeupe ukizipa chumvi zinatosheka, tajiri. Hazing'ati. Zimekaa mle mapipani muda wote kama wageni wa harusi."

"Tutume ujumbe kwa dereva wa leo."

"Ujumbe utafika umekuwa hadithi. Na pale pana mtu atakunywa."

Nikaanza kusema kwamba labda mvua haijanyesha huko. Akanyoosha kidole mlimani. Mlima haukuonekana.

Alizilisha chembe upya palepale, safari hii anataja kwa sauti kila anachochota, kama mtoto anayejifunza kusoma, akazisuuza, akazifunga kwenye gunia zikiwa mbichi. Tulipata lori mchana. Baada ya Mlali lilipanda kwa kubembelezwa, na mbele kidogo matope yakalikatalia kabisa. Tukashuka. Gunia nikabeba mimi, na gunia la chembe mbichi lina uzito wa mtu aliyelala. Mkemia alitangulia, koti limemganda mwilini, hajageuka hata mara moja kuona kama namfuata. Nilimfuata. Kwa watu wa mlimani samaki walikuwa wake, lakini mapipa yalikuwa yangu.

Tulifika jua linaelekea kuzama, mvua bado inamwagika kutoka batini. Mapipa yalikuwa yamepangwa chini ya michirizi, yamejaa pomoni, samaki wa chaki wamekingwa na upenu, hawajafutika. Barazani wanawake wamekaa na ndoo zao, furaha tupu. Jikoni, kwenye mafiga, sufuria ilikuwa inaanza kutoa mvuke.

"Mkemia!" Sista akaita. "Umekuja mwenyewe kunywa chai ya mvua?"

"Nani amekunywa?"

"Bado. Ya kwanza tuliyaacha yasafishe paa, hatukuyakinga. Haya ndiyo yanachemka. Kuna binti amejifungua sasa hivi."

Mkemia aliingia jikoni, akakunja pindo la koti, akaitoa sufuria motoni akaiweka chini kwenye kona. Halafu akatoka nje, akainama kwenye pipa la kwanza, na kwa pindo lilelile akamfuta samaki. Akaenda la pili. Akamfuta. Wanawake wakaacha ndoo zao wakasimama.

Aliyesema alikuwa bibi mmoja mfupi, mama wa yule binti aliyejifungua.

"Wewe mama, mwanangu ametoka kuzaa, unamnyima chai?"

"Namnyima hiyo."

"Maji ya mvua ya Mungu yana nini?"

"Ya Mungu hayana kitu, mama. Pipa ndilo langu."

"Lakini si ulichora?" Sista akauliza polepole.

"Nilichora. Sikutia. Samaki wa kweli niliowatia kwenye lile lililobaki, wamekufa. Kosa ni langu, nilizilisha chumvi."

Habari ya chumvi hakuna aliyeielewa. Walichoelewa ni kwamba mwanamke yule alikuwa amepanda mlima kwenye tope kuja kusema neno hilo moja, na kwamba sasa maji hayapo. Kijana mmoja akasogea alipige pipa teke limwagike. Mkemia akasimama mbele yake.

"Hamwagi mtu. Chini huko kuna chemchemi yenu. Haya maji yatatafunwa kwanza, ndipo yamwagwe."

Tukagawa chembe kwenye vifuko vya kitambaa cha shuka za zahanati, tukavitumbukiza, tukakoroga kwa zamu. Maji ya sufuria ya jikoni nayo aliyarudisha pipani, na sufuria akaisugua mwenyewe. Lakini chai ya mzazi ilikuwa bado inadaiwa. Mkemia akachukua ndoo.

"Chemchemi iko wapi?" akamuuliza yule bibi.

"Wewe? Na koti hilo?"

"Nionyeshe."

Walishuka wote wawili. Walirudi bibi ametangulia na ndoo iliyojaa, Mkemia nyuma na ndoo ambayo sehemu kubwa ya maji yake ilikuwa imeshamwogesha. Wanawake wa barazani wakacheka, mmoja akasema, "Huyu msomi amebeba ndoo au ndoo imembeba yeye?" Mkemia naye akacheka, na baada ya hapo ile baraza ikawa ya watu tena. Mzazi akanywa chai.

Mapipa yalipotafunwa, yakamwagwa, yakasuuzwa na kukingwa upya, likaja swali la samaki. Misheni ilikuwa na kibwawa nyuma ya bustani.

"Wale ni wa Ijumaa," Sista akasema.

"Na leo?"

"Jumatano."

"Basi niazime. Wakiwa hai nitakurudishia. Wakifa hutataka kuwala."

Kesho yake kulipokucha nilikuta watu wamekwisha kuyazunguka mapipa, wamechuchumaa, wanatazama ndani kama watu wanaotazama mpira. Hakuna samaki aliyegeuka. Mkemia alimwambia mtu mmojammoja asogee aone, hata wale ambao hawakutaka. Kisha akachota kikombe, akakichemsha, akanywa yeye kwanza, akangoja. Chaki alimpa yule bibi.

"Chora wewe," akasema. "Mimi nimeshachora sana."

Samaki wa bibi alitoka kama muhogo wenye jicho. Alibaki pale mpaka chaki ilipokwisha kufutwa na mvua, wakamchora tena kwa rangi ya mafuta.

Tukishuka nilikuwa na hesabu yangu kichwani, na haikuwa nzuri. Nilimwambia, "Mama, hili jambo likae mlimani. Sokoni tusilitaje." Akaniuliza kama nadhani malori ya mboga hubeba mboga peke yake. Kisha akafanya kitu ambacho kwa macho ya biashara kilikuwa wazimu: kila mteja aliyekuja alimweleza mwenyewe, kabla ya kuulizwa, kuanzia uji wa bweni mpaka bakuli la chumvi. Jirani yangu alifurahi, akawa anawaambia watu samaki wa Mkemia wamekaushwa kwa chumvi. Nilingoja wateja wapungue.

Wakaanza kuja na samaki wao. Wa kwanza alikuwa mkulima mmoja wa Mgeta, ameshika kopo lenye perege wawili, akasema yeye hahitaji kuchorewa, atalala kwa shemeji yake Bigwa, atarudi asubuhi kuwasalimu. Wengine wakasikia. Haukupita msimu, mtu akija kununua pipa bila kopo la samaki anaulizwa kama amekuja kununua au kutembea. Mkemia aliacha chaki kabisa. Mabakuli yake aliyatenganisha, la kostiki uani, la chumvi ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, ili mkono ukitaka chumvi ulazimike kuinuka na kumwamsha mwenyewe.

Jirani aliwahi kumuuliza mnunuzi kama anataka kuleta samaki na kwake. Mnunuzi akasema hapana, anawapenda samaki wake.

Miaka ikaenda. Yalikuja matangi makubwa meusi ya plastiki, mapya, yasiyojua sumu, na mimi nikawa muuzaji wa hayo. Pipa likabaki kuwa kitu cha wachoma mahindi. Mkemia aliyafurahia matangi yale kuliko hata mimi niliyekuwa nayauza. Alisema laiti angeyapata mapema angekuwa ametoboa kila kitu.

Mara ya mwisho kumtembelea Bigwa nilimkuta amekaa kizingitini palepale, anakula nyanya. Koti lilikuwa limekuwa kipande cha kufutia meza. Macho yalikuwa yamepungua, masikio bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, tajiri. Umenenepa, nasikia kwa hatua."

Tukaongea. Uani mabeseni yalikuwa yamepandwa mchicha. Lakini kwenye kivuli cha ukuta kulikuwa na pipa la chuma, limepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, limejaa maji. Nilichungulia. Ndani kulikuwa na perege.

"Hili nalijua," nikasema.

"Unalijua. Ndilo lililokosa nafasi garini."

"Lililoua? Mbona hukulipiga msumari? Kwa sheria yako hili lilikuwa la kwanza."

"Nilitaka kulipiga. Nikakaa nalo siku ile tuliyorudi, msumari huu hapa." Akautoa mfukoni, umelainika kama ulisuguliwa na bahari. "Nikaona nikilitoboa nitakuwa nimeadhibu bati. Nikalilisha chembe mpaka likanyooka, nikatia samaki, na tangu hapo sijanywa maji mengine. Nachemsha, maana samaki nao wanaenda haja. Lakini ni haya."

Nikamwambia ninamjua mtu atakayelipenda pipa lile, la kihistoria, na nikataja bei. Tabia haifi. Akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Hilo haliuzwi, tajiri. Hao ndio wananikagua. Mimi sioni vizuri siku hizi, hebu waangalie wewe, wote wako sawa?"

Nikainama, nikasubiri maji yatulie, nikawahesabu. Kisha, kwa kuwa ni mimi, nikarudia. Mara ya pili walizidi: chini kabisa, kando ya tumbo la mama yao, kulikuwa na wadogo kama chembe, wanatembea.

"Wako sawa," nikamwambia. "Tena hesabu imeongezeka."

"Basi teleka chai," akasema.